Wimbo wa Mtoto Asiyeshtuka

Kwanza niseme sikuokoka. Mie ni Muislamu, niokoke kwenda wapi. Wala sikuachika, wala mwimbaji hakunitaka nikamkataa, wala mikono yangu haikupata ugonjwa. Hayo yote niliyasikia ile miezi tisa niliyokuwa nje ya bendi, mengine nimesimama kwenye foleni ya maji na wasemaji hawajui kwamba anayesemwa ndiye huyo mwenye ndoo ya bluu. Redioni kiongozi wetu alisema niko kwenye mapumziko ya uzazi. Mtoto alikuwa na mwaka na miezi minne. Uzazi gani huo.

Niliacha kwa sababu ya wimbo. Wimbo mmoja, ambao kama unaishi Dar umeshaucheza, au mwanao ameucheza, au kinyozi wako ameupiga mpaka ukauchukia. Unamsifu mtoto mchanga ambaye ngoma zikilia halii, radi ikipiga hashtuki. Mtoto huyo ni wangu. Naandika wimbo ule ulitoka wapi na kwa nini nilishindwa kuupiga, kwa sababu nimechoka kuelezwa habari zangu na watu wengine.

Dramu nilianzia shuleni, sekondari, Temeke. Shule ilikuwa na ngoma za gwaride, na mwalimu wa zamu alinipa ile kubwa kama adhabu ya kuchelewa namba ya asubuhi, niibebe niizungushe uwanjani huku naipiga. Nikaipenda adhabu. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yangu ya kutia aibu, nikawa nakwenda kwenye ukumbi mmoja nyuma ya baa, ambako bendi ilikuwa inafanya mazoezi mchana. Nilikaa pale kila siku kama kiti, mpaka mpiga dramu wao alipopata mkataba wa hotelini Uarabuni akaondoka. Kiongozi akaniambia haya, kaa tuone. Nilikuwa na miaka ishirini.

Kiongozi ni mtu mzima, rika la baba yangu, na ndiye anayetunga na kuimba nyimbo zetu zote. Sauti yake hata wewe unaijua. Alinipokea wakati wenzake wanamwambia mwanamke akikaa kwenye dramu bendi itaonekana ya kicheni pati. Hilo silisahau, na ndiyo maana kumkasirikia ilikuwa kazi ngumu.

Baba wa mtoto ndiye mpiga besi. Watu wa kusini, baba yake anachonga vinyago pale Mwenge, wakimya ukoo mzima. Besi na dramu wanakaa nyumba moja ndani ya wimbo. Wakigombana, wanaocheza chini wanajua kabla wenyewe hawajajua. Sie hatukugombana. Tulioana, tukapanga vyumba viwili Kipawa, ndege zinapita juu ya bati mpaka vikombe vinagongana kabatini.

Mtoto alizaliwa salama. Siku ya nne akawa wa njano, macho mpaka nyayo. Wakamlaza chini ya taa ya bluu karibu wiki nzima, amefungwa kitambaa machoni, wanamchoma sindano asubuhi na jioni. Akapona, tukarudi nyumbani, tukasahau. Nasema tukasahau kwa sababu ndivyo tulivyofanya. Mtoto akishapona unamshukuru Mungu, hukai kuhoji.

Mama yangu ni Mzaramo, mzaliwa wa Temeke, na arobaini kwake ina mambo yake. Mtoto ananyolewa, anatolewa nje, inasomwa dua. Halafu kuna jambo la kinu. Sijui nyumba nyingine. Kwetu mtoto analazwa kwenye mkeka, na bibi yake anatwanga kinu kitupu pembeni ya kichwa chake, mara tatu, kwa nguvu, ili akue bila woga wa kishindo. Watoto wote wanalia. Ndiyo shughuli yenyewe: mtoto analia, wanawake wanacheka, mama yake anambeba. Mie wanasema nililia mpaka nikatapika.

Wangu hakulia. Mama alitwanga, mchi ukagonga kinu kitupu ule mlio unaouma kwenye meno, mtoto anaangalia dari. Akatwanga tena. Jirani mmoja akajishika kifua. Mtoto anaangalia dari. Mara ya tatu mama alitwanga mpaka mchi ukamponyoka, na mwanangu akapiga mwayo.

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mtaa wa pili. Kiongozi alikuwa uani na wanaume wanakula pilau, akaja na mikono yake ya mafuta kuuliza kulikoni. Wakamweleza. Akavua kofia.

"Huyu si mtoto," alisema. "Huyu ni mwanabendi."

Niliona fahari. Acha niandike hivyohivyo. Nilimkumbatia mwanangu nikajiona nimezaa simba.

Nilirudi kazini akiwa na miezi mitatu. Mama ana genge lake, mchana hana mkono wa ziada, kwa hiyo nikawa nakwenda naye mazoezini. Nilikuwa namtandikia kanga mbili juu ya jukwaa la mbao, hatua tatu nyuma yangu, hatua moja kutoka spika ya besi ya baba yake. Analala. Watu kumi na wanne wanapiga, tarumbeta mbili zinalia, yeye analala. Tukinyamaza kiongozi arekebishe sauti za watu, anaamka. Tukianza, analala. Wanamuziki walikuwa wanagombea kumbeba. Wakasema huyu anadai sebene, ukimkatia anakuja juu. Sasa najua kwamba mbao zilikuwa zinatikisika chini yake kama mtu anayebembelezwa, na zikiacha kutikisika anakosa mkono. Watu kumi na wanne tunaokula kwa masikio yetu, na hakuna hata mmoja aliyewaza.

Kiongozi alitunga wimbo ndani ya wiki moja. Ngoma zikilia yeye usingizi, dunia ikitulia ndipo aulize kulikoni: hicho ndicho kiitikio. Ubeti wa pili una kinu cha bibi. Alikuja kuniomba ruhusa kwa adabu zote, na mie nilimpa, tena nikamtafutia mlango wa kuingilia. Mapigo manne ya snea, ile dramu ndogo ya mbele, peke yake, makavu, kama mchi, halafu bendi nzima inaingia. Ni hayo mapigo manne yaliyoubeba wimbo. Watoto wanayapiga kwenye makopo, makonda wanayapiga kwenye mabati ya magari. Jumapili alasiri tunapigaga bonanza Gongo la Mboto, na kila nilipoyapiga, akina mama walikuwa wanawainua watoto wao juu kuelekea jukwaani, wengine wachanga kabisa, wanawaelekeza kwenye spika. Wangu naye hashtuki, wanasema. Na mie nilikuwa nacheka nao huku napiga.

Kliniki, alipofika miezi tisa, nesi aliniuliza kama anageuka nikimwita. Nikasema ndiyo. Sikudanganya kwa makusudi. Nikiingia chumbani kweli alikuwa anageuka. Sikujua kwamba anageukia kivuli changu, au pazia, au harufu ya maziwa. Ndege zikipita hakuangalia juu. Nikajiambia ameshazoea, mbona hata mie siangalii. Alikuwa hasemi hata "baba". Mama mkwe akasema wa kiume wanachelewa. Kiongozi akasema wapigaji wazuri wote walichelewa kusema. Kila kitu kilikuwa na jibu lake, na majibu yote yalikuwa matamu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, saa saba mchana, mazoezini. Mtoto alikuwa ameanza kutembea kwa kushika vitu. Nilimkalisha chini, kwenye saruji, mbele ya jukwaa, ametupa mgongo, anaokota karanga mojamoja kwenye kisahani cha plastiki. Mpiga tumba alipita akajikwaa kwenye waya, akasukuma stendi yangu. Lile sahani kubwa la shaba la dramu likatoka juu ya jukwaa likapiga saruji, hatua moja nyuma ya mtoto.

Kila mtu aliruka. Baba yake alikata noti katikati. Mhudumu wa baa kule nje aliachia trei. Mtoto akaokota karanga.

Mpiga tumba alicheka, akasema mnamwona mwenyewe wa kwenye wimbo, na wengine wakacheka. Mie nilikuwa naangalia mabega ya mtoto. Mtu akisikia kishindo, hata ajikaze vipi, mabega yanapanda kidogo. Kazi yangu naifanya nimekaa nyuma ya watu. Miaka sita nimekuwa nikiangalia migongo, na najua nani amenisikia na nani hajanisikia kwa kumtazama mgongo tu. Mgongo ule haukuwa umesikia.

Nikafungua snea kwenye stendi yake, nikashuka nayo, nikapiga magoti nyuma ya kichwa chake. Nikapiga moja, kwa nguvu. Karanga. Nikapiga ya pili. Nikamwita jina lake, nikapiga ya tatu. Nikapiga ya nne.

Na bendi ikaingia.

Ndivyo walivyozoea, niliwazoesha mwenyewe: mapigo manne makavu, ingia. Tarumbeta, magitaa, besi, wote kwa pamoja, na kiongozi akashika maiki akaanza kuimba anatabasamu, anafikiri nimempelekea mtoto wimbo wake pale chini. Nikasimama katikati ya ukumbi na snea kifuani nikapiga kelele waache, na hakuna aliyenisikia. Walikuwa wameshafika kwenye kiitikio baba yake aliponiona uso, akaondoa vidole kwenye nyuzi. Wengine wakakatika mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa kiongozi, maana alikuwa amefumba macho.

Hospitali walimpa mtoto dawa ya usingizi, wakambandika waya kichwani, mashine ikawa inampelekea milio masikioni na kuangalia kama ubongo unajibu. Mistari kwenye kioo ilikuwa imenyooka. Sikuhitaji kuelezwa. Daktari, mwanamke wa rika langu, alieleza hivyo hivyo, taratibu, masikio yote mawili. Akauliza kuhusu homa, kuhusu manjano, sindano gani alichomwa kule kwenye taa ya bluu. Kisha akauliza kazi zetu. Baba yake akasema mwanamuziki. Mie nikasema napiga dramu, na mtoto nakwenda naye.

Kalamu yake ilisimama. Kidogo tu, lakini nilihesabu, ndiyo kazi yangu.

"Mama, sidhani kama ni dramu," alisema. "Manjano makali yanaharibu masikio. Na mnasema siku ya arobaini hakushtuka, alikuwa hajafika ukumbini. Ila siwezi kukuapia, na kelele zile hazikumfaa."

Watu wakachukua yale maneno ya mwisho wakayatumia. Mama mtu kamtoboa mtoto masikio na madude yake. Mwanamke gani anamlaza mtoto kwenye dramu. Shangazi yangu alifunga safari kutoka Mbagala kuja kunieleza hivyo usoni, akala na chakula. Sasa nipimieni. Kutoka pale alipolala mwanangu mpaka kwangu ni hatua tatu. Mpaka spika ya besi ni hatua moja. Hakuna mtu hata mmoja, mwanamume wala mwanamke, aliyekwenda kwa baba yake kumwambia wewe na besi yako. Walimpa pole. Walimshika bega. Mie waliniuliza.

Mama yangu hakuniuliza kitu. Ila aliacha kutwanga. Kisamvu akawa ananunua kilichotwangwa tayari, pilipili manga anasagisha. Kinu kilihamia nyuma ya choo, mdomo umeangalia chini. Hakusema kwa nini, na sikuthubutu kumwambia kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeugundua ugonjwa, sie ndio tuliopiga vigelegele.

Jumapili iliyofuata nilipanda jukwaani. Ndiyo, nilipanda. Watu wanadhani niliacha siku ile ile ya hospitali, hapana. Nilipanda kwa sababu sikujua pa kwenda kwingine. Wimbo ulipofika mikono ilipiga yale manne yenyewe, na akina mama wakainua watoto. Safari hii sikucheka. Nikawa naangalia vile vichwa vidogo kimoja kimoja. Huyu amekunja uso, anasikia. Huyu anajificha kwenye shingo ya mama yake, anasikia. Yule wa fulana ya njano? Sijui. Yule amelala? Sijui. Nikakosea mpigo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na baba wa mwanangu akageuka kuniangalia.

Siku ya pili yake nikaenda nyumbani kwa kiongozi. Nilimkuta sebuleni anakunywa chai. Shikamoo, marahaba binti yangu, mjukuu wangu anaendeleaje. Nikamwambia ameshajua anavyoendelea, nimekuja kuomba wimbo utolewe, tusiupige tena. Akaniambia niketi. Akaeleza mengi: kwamba watu wanaingia ukumbini kwa ajili ya wimbo ule, kwamba tukiuacha watatudai mlangoni, kwamba wenye harusi wote wanauomba. Nilimwacha amalize.

"Binti yangu," alisema, "ule si wetu tena. Ni wa watu."

"Unasifia uziwi wa mwanangu."

"Nilitunga sijui. Na wewe ulinipa yale mapigo hujui."

"Sasa tunajua."

Alitoa leso akafuta macho. Alikuwa analia kweli, sitamsingizia. Yule mtoto alikuwa anampenda, ndiye aliyemnunulia viatu vyake vya kwanza. Akakunja leso, akaiweka juu ya goti, halafu akalitoa lile neno.

"Mwenyewe hausikii," alisema. "Sasa unamuumiza vipi?"

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi kuliko kiitikio. Nadhani alitaka kunifariji. Nadhani kweli alifikiri amenipa kitu cha kupoza moyo. Nikatoa vijiti vyangu kwenye mkoba, nikaviweka juu ya meza yake kati ya chupa ya chai na miwani, nikaondoka bila kuaga. Hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Nilikaanga mihogo Kipawa, mbele ya nyumba. Asubuhi nilikuwa nampeleka mtoto kwenye shule moja ya msingi yenye darasa la watoto viziwi. Wadogo kama wangu wanakuja na mama zao, na mama ndio wanaofundishwa zaidi. Mwalimu wetu naye hasikii. Alinishika vidole akavikunja kimoja kimoja mpaka vikakaa, bila haraka, kama anamfunga mtu vishikizo. Ishara ya kwanza aliyoifanya mwanangu ilikuwa ya maji. Nilimpa maji siku nzima kila alipoifanya, mpaka akakojoa kitandani mara tatu, na mie nafua nalia, nalia nafua.

Wimbo haukuniacha. Siku moja bajaji ilisimama nje ya dirisha la darasa, imeuweka kwa sauti ya juu. Watoto wakaendelea na karatasi zao, mwalimu akaendelea kuandika ubaoni. Sie mama peke yetu ndio tuliosikia. Mama mmoja, mwenye binti wa miaka minne, akaanza kutikisa kichwa, na vidole vyake vikapiga yale manne juu ya dawati. Hakuwa anajua lolote. Aliniangalia akatabasamu ili nami nifurahi. Nikatoka nje nikasimama kwenye jua mpaka bajaji ilipoondoka.

Baba wa mwanangu alikuwa anaendelea na bendi. Sikumzuia, mtu mmoja ilibidi aendelee. Lakini Jumapili moja alipokuwa anajiandaa, ananyoosha shati, nilimuuliza wimbo ukifika anafanya nini.

"Napiga," alisema.

"Unapigaje?"

"Naangalia chini." Akanyoosha kola muda mrefu kuliko inavyohitaji kola. "Yule kijana aliyekuja badala yako anakimbia. Mapigo yake hayana mahali pa kukaa."

Nilimrushia maneno badala ya pasi, ingawa pasi ilikuwa karibu. Mtoto wake haisikii dunia, na yeye analalamikia kasi. Tulikaa siku nne bila kuongea. Ajabu ya nyumba yetu ni kwamba siku hizo nne tuliongea kwa ishara, kwa sababu mtoto alikuwa anatuangalia na tulikuwa tumeahidiana asione tumenyamaza. Chakula. Maji. Lete. Basi. Siku ya tano, mtoto amelala, akanifanyia ishara ya pole. Hajui kuifanya vizuri, anaikosea mpaka leo.

Kwa nini nilirudi? Watu wanataka niseme kiongozi aliomba radhi. Hakuomba. Nilirudi kwa sababu niliona jinsi ninavyoishi. Nilikuwa naweka sufuria chini taratibu. Nafunga mlango taratibu. Nilikuwa nanyata ndani ya nyumba ya mtoto asiyesikia, kana kwamba nikikaa kimya vya kutosha mtu atanirudishia kitu. Na mikono ilikuwa inaniuma kwa hamu. Napenda dramu. Niliipenda kabla sijampenda mwanamume yeyote, na mtoto wangu kutokuisikia hakujaiondoa kwangu. Nilijichukia kwa hilo miezi kadhaa, halafu nikachoka kujichukia.

Nikaenda mazoezini mchana, mtoto nimemwacha kwa mama. Kiongozi alikuwa anakula chungwa. Nikampa shikamoo, nikamwambia narudi, ila wimbo ule siupigi. Ukifika nashuka jukwaani. Akasema nikirudi yule kijana anaondoka, yale mapigo manne atapiga nani. Nikasema apige anayeweza. Akauliza watu wakiuliza kwa nini nashuka, tuseme nini.

"Waambie ukweli," nilisema.

Akatafuna. Akasema watasema nimekwenda kunywa maji. Nikajua hapo ndipo mwisho wake, zaidi ya hapo sitapata. Vijiti vyangu alikuwa amevitunza kwenye begi lake la maiki, amevifunga kwa mpira. Nikavichukua.

Jumapili yangu ya kwanza Gongo la Mboto watu walijaa. Wengine walipiga miluzi waliponiona, mmoja akaniita mama uzazi, nikampigia dramu kubwa ya miguuni mara moja, bum, wakacheka. Nilipiga nyimbo tano na sikukosea hata mahali pamoja. Jua lilikuwa bado liko juu ya ukuta. Halafu kiongozi akasogeza maiki, akawaambia watu wajiandae, wenye watoto wajiandae, na mie nikaweka vijiti juu ya snea nikashuka ngazi za pembeni.

Mpiga tumba alipiga yale manne. Kwenye tumba yanatoka manene, yana maji. Ilitosha. Watu walipiga kelele, bendi ikaingia, na baba wa mwanangu alikuwa anapiga ameangalia chini kama alivyosema. Nilisimama pembeni ya spika na watu wakawa wananipita wanacheza.

Mbele yangu kulikuwa na dada mmoja, mdogo kuliko mie, na mtoto wa miezi mitano au sita. Alimwinua juu kabisa, mikono imenyooka. Mtoto alikuwa anatazama taa za jukwaani, ametulia tuli. Tarumbeta zikaingia, ametulia. Mama yake akageuka akaniona.

"Ona, da," aliniambia kwa furaha, anapaza sauti juu ya muziki. "Huyu naye hashtuki kabisa. Kabisa. Nyumbani hata mlango ukibamizwa."

Nilingoja. Najua wimbo, najua mahali unapokatika: baada ya ubeti wa pili bendi yote inanyamaza, ni kiongozi peke yake anaimba mstari mmoja kwa sauti ya chini. Yule dada akamshusha mtoto begani, kichwa kimeangalia upande wa pili. Bendi ikanyamaza. Nikasogea nyuma ya kile kichwa nikapiga makofi, kofi moja, kwa nguvu zote nilizonazo mikononi.

Mtoto aliruka mwili mzima. Mabega yalipanda, mikono ikafunguka, akavuta pumzi, kimya kidogo, halafu akalia. Alilia kwa nguvu mpaka watu wa meza za karibu wakageuka.

"We dada una wazimu?" alisema mama yake. "Umelewa?"

Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia mwanao anasikia. Akaniambia najua anasikia, kwani nani amekwambia hasikii, akamfunika mtoto kwa kanga, akasonya, akapita katikati ya watu kwenda getini, na bado nilikuwa namsikia mtoto analia wakati bendi imeingia tena kwenye kiitikio na mwanamke mwingine, pale pale alipokuwa amesimama yule wa kwanza, anamwinua wa kwake.